Valvu za Mama Okech

Watu wa nyumbani kwangu wananiona mwanamke mwenye wazimu kidogo, nami sibishani nao. Sebuleni kwangu hapa Kakamega kuna amplifaya ya zamani isiyo na kifuniko, na kwenye kabati la vioo, mahali ambapo wanawake wa umri wangu hupanga vikombe vya wageni, mimi nimepanga valvu. Kwa asiyezijua, valvu ni zile chupa ndogo za kioo, nene kama kidole gumba, zilizokuwa ndani ya redio na amplifaya kabla transista hazijaingia. Ndani zina vyuma na waya, zikiwaka hutoa wekundu kama kaa lililofunikwa majivu, na kabla hazijapata moto hutasikia hata mkwaruzo. Nimezikusanya zaidi ya miaka thelathini: kwenye stoo ya kanisa, kwenye duka lililofungwa, kwenye redio ya marehemu fulani ambayo wanawe walitaka kuitupa shimoni. Mjukuu wangu huniambia, "Kukhu, si ununue tu spika ya bluetooth? Unagusa simu, inaimba." Ninamjibu kwamba hiyo bluetooth yake haijui kumngoja mtu. Anacheka, anadhani ni mzaha. Mashine yangu inataka dakika nzima ya kupata moto, na ni hiyo dakika ninayoipenda, kuliko hata muziki wenyewe.

Jumapili moja ya mwezi wa nne nilikuwa ndani ya dakika hiyo simu ilipolia. Alikuwa Atieno, msichana aliyekuwa akimtunza Mama Okech huko Kombewa tangu miguu ya mama huyo ilipokataa kutembea. "Madam Rispa? Mama ametuacha," akasema. "Alfajiri. Hakusumbua mtu." Nilikaa kwenye mkono wa kiti. Nikauliza swali la kipumbavu, kama alikuwa amekula, na Atieno akasema ndiyo, uji, nusu kikombe. Kisha nikauliza la pili, ambalo nimekuwa nalo moyoni tangu nikiwa na miaka ishirini. "Na Okech?" Atieno akajibu, "Okech amepatikana. Vijana wa kanisa walimtafuta kwa mtandao. Anakuja kuzika." Jamani! Nikazima amplifaya. Valvu zikapoa zikilia ti, ti, ti, kama kawaida yake, nami nikabaki na simu kifuani nikilia. Nilimlilia Mama, na niliililia pia nyumba moja ya Kondele ambayo haipo tena, na mwaka mmoja nilioukaa ndani yake.

Nilikuwa nimekuja Kisumu kujifunza taipu. Nilipata chumba kwa Mama Okech, mjane mfupi mwenye mabega mapana, nyuma ya soko la Kondele, katika nyumba ya mabati yenye sakafu ya simiti nyekundu aliyokuwa akiisugua mwenyewe kila Ijumaa. Chumba nilichopewa kilikuwa cha mwanawe wa pekee. Kitanda kilikuwa chake, na meza pia, imejaa makovu meusi ya chuma cha kuchomelea waya, na mbao zake zilikuwa bado na harufu ya moshi. Ukutani palikuwa na picha yake: kijana mwembamba, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni kana kwamba moja haimtoshi. Alikuwa amekwenda ng'ambo kusomea mambo ya umeme. Mwaka wa kwanza aliandika barua nyingi, wa pili akaandika moja, na nilipofika mimi ulikuwa mwaka wa nne na posta hapakuwa na kitu. Mama alinipokea na sahani ya ngege wa kuchemsha. "Nyar Bunyore," akaniita, yaani binti wa Bunyore, "nyinyi huko kwenu mnajua kuku tu. Hapa utakula kichwa ya samaki, na jicho usiache." Nikala jicho. Lilikuwa tamu, lakini sikukubali kulisema. Siku mbili nilikuwa mgeni, na ya tatu akanipa jembe kweli kweli, tukalima mboga nyuma ya choo, yeye akiziita apoth, mimi mrenda, kila mmoja akidai mwenzake katoka kwa watu wasiojua mboga.

Sebuleni, juu ya kabati, ilikaa mashine ya Okech, amplifaya na sahani yake ya kuchezea santuri. Okech aliiunda kwa mikono yake kutoka kwa redio mbovu alizookota soko la Kibuye, kabla hajasafiri. Valvu tano zilisimama juu yake, na nyingine tisa, za akiba, zililala ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa maganda ya mpunga wa Ahero, kama mayai. Ndani ya mlango wa kabati Mama alikuwa amegongomelea barua ambayo mwanawe alimwachia, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari. *Mama, ukiwasha usikimbilie santuri. Hesabu kwanza mpaka sitini, valvu zipate moto. Washa kila Jumapili, isipowashwa itakufa. Nikirudi niikute ikiimba.* Chini yake kulikuwa na orodha: soketi ya kwanza kutoka kushoto inakaa valvu yenye namba hii, ya pili na ya tatu yenye namba hii, ya nne na ya tano hii. Namba zilikuwa zimechapwa kwenye kioo cha kila valvu, kwa rangi nyeupe. Soketi zote zilikuwa na matundu tisa, sawasawa, kwa hiyo valvu yoyote iliingia popote. Mama alinionya siku ya kwanza: "Hii si kama viatu, eti ukikosea unabadilisha. Ukikosea hii unaunguza mtoto yangu."

Sasa, Mama Okech hakuwa mtu wa kuhesabu. "Sitini ni kazi ya karani," alisema. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, tukishakula na kuosha vyombo, alikaa kwenye kigoda mbele ya mashine, akabonyeza swichi, na badala ya kuhesabu akaongea na mwanawe. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni nikadhani amepata mgeni. "Okech, ni mama yako," nikamsikia. "Mvua imekataa. Ile mbuzi ya jirani imekula mboga tena, na mwenyewe anasema si yake, kana kwamba mbuzi inajua kusema uongo. Nimepata mpangaji, nyar Bunyore, amejifunza kula samaki lakini taipu bado inamshinda. Mguu yangu inauma kidogo tu, usijali. Umekula?" Hapo alinyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake ajibu. Kisha akashusha sindano. Na gitaa za benga zikajaa ile nyumba ya mabati, nzito na laini kwa wakati mmoja, mpaka vijiko vikatetemeka kwenye vikombe. Nilichungulia mlangoni nikiwa na kicheko mdomoni. Nilipouona uso wake kicheko kilirudi tumboni. Tangu siku hiyo nilikaa naye, kwenye mkeka, kila Jumapili.

Nitasema ukweli, maana umri huu hauna tena aibu ya kusitiri. Nilimpenda Okech. Nilimpenda mtu wa ukutani! Nililala kwenye kitanda chake, nikaandika juu ya makovu ya meza yake, nikasikia habari zake kila siku, jinsi alivyokataa kuvaa viatu, jinsi alivyopigwa na stima akacheka. Mama aliona. "Unaangalia picha sana," alinitania, huku akipepeta omena. "Itachubuka." Nikisema sikuwa naiangalia, alisema, "Haya, basi ni ukuta unaangalia. Ukuta yangu ni mzuri sana." Siku nyingine, akiwa hana mzaha, aliniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Aliniambia, "Nyathina, mtoto wangu, watu wa hapa wanasema amekufa. Mimi nasema mtu ambaye unamwambia habari kila wiki hawezi kufa. Siku nikinyamaza ndiyo atafikiri ni mimi nimekufa, na hatakuwa na mtu ya kurudia." Mashine haikuwa na waya wa kwenda ng'ambo, alijua hivyo kuliko mimi. Lakini mwanawe alisema aikute ikiimba, na hilo ndilo agizo la mwisho alilokuwa nalo kutoka kwake.

Basi mwezi wa tano Mama akaenda Kombewa kwenye matanga ya ndugu yake, akaniachia nyumba siku tatu. Nikataka kumfurahisha. Nikasugua sufuria kwa majivu mpaka zikang'aa, nikaosha mapazia, nikapaka sakafu rangi. Nikafika kwenye mashine. Valvu zilikuwa na vumbi, na juu kabisa, kwenye utosi wa kila moja, kulikuwa na doa jeusi linalometameta. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya taa ya mafuta. Tangu nikiwa na miaka sita kazi yangu ya jioni ilikuwa kusafisha kioo cha taa, kutoa masizi, na mama yangu mzazi alikuwa akikiinua kwenye mwanga kukagua, ole wako aone doa. Nikaona yale madoa nikasema, masikini, mama huyu macho yake hayaoni tena masizi. Nikazichomoa zote tano, nikamwaga na zile tisa za mkebe, nikaziweka kwenye karai. Nikasugua kwa sabuni ya kipande na majivu laini. Doa halikutoka. Nikaongeza majivu, nikasugua mpaka vidole vikaniuma, na ndipo nilipoelewa kwamba lile doa liko ndani ya kioo, limewekwa na kiwanda. Nikazisuuza, nikazianika kwenye kanga juani, kumi na nne, safi kama nyota. Nikachukua ya kwanza nisome namba niirudishe mahali pake. Hapakuwa na namba. Nikachukua ya pili. Nikachukua zote. Namba zilikuwa zimekwenda na maji ya karai, na maji nilikuwa nimeyamwagia mboga.

Ningemwambia. Kila nikikumbuka najiambia, Rispa, ungemwambia tu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa muoga kuliko nilivyokuwa mjinga. Nikaziangalia, nikachagua tano zilizoonekana zinafanana na nilivyozikumbuka, nikazichomeka, nyingine nikazifukia kwenye maganda. Mama akarudi Jumamosi jioni akaona nyumba inavyong'aa, akashika mashavu yangu kwa mikono miwili. "Ai yawa! Nyar Bunyore! Wewe ni mtoto ya kweli!" Sikulala vizuri. Jumapili akakaa kwenye kigoda na habari za matanga, habari nyingi, nani alikuja na nani hakuja, na jinsi ndugu yake alivyozikwa vizuri. "Umekula?" akauliza. Akanyamaza, akashusha sindano. Kimya. Kisha spika ikaanza kunguruma kama ng'ombe mwenye njaa, valvu moja ikawa nyekundu mwili mzima, na harufu ya kuungua ikapanda. Nilirukia mashine nikazima. Nikaichomoa ile nyekundu kwa mkono mtupu, ikaniunguza, nikaiachilia. Ilipiga sakafu ikapata ufa mdogo tu. Tukaitazama pale chini, na lile doa la utosini, ambalo majivu yangu yote hayakuliweza, likageuka jeupe kama maziwa, polepole, mbele ya macho yetu.

"Imekufa hiyo," Mama akasema. "Okech alinionyesha. Ikiwa nyeupe imeingia hewa, imekufa." Hapo ndipo nikasema yote, nimepiga magoti, vidole vimevimba. Nilingoja kelele. Ningeomba kelele. Yeye alichukua moja kwenye mkebe, akaigeuza, akaigeuza tena akitafuta namba. "Kwa nini hukuniambia jana?" akauliza. "Niliogopa, Mama." Akatikisa kichwa. "Ungeniambia, singeongea. Sasa nimemwambia habari ya matanga yote, na haikwenda." Aliingia chumbani akafunga mlango, saa tisa mchana, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilala jua likiwa juu. Nimetukanwa na mabosi, nimefokewa na mume, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunichoma kama yale.

Jumatatu nilizibeba kwenye mkebe hadi Kibuye, kwa Fundi Opondo, aliyekuwa akitengeneza redio za transista. Aliinua moja kwenye jua. "Madam, hizi ni za wakati ya mkoloni. Bila namba mimi nitakuchomea zote. Mambo ya kubahatisha peleka kwa karata." Nikarudi nazo. Ndipo ukaanza ukimya. Jumapili ya kwanza Mama alisema amechoka. Ya pili alisema kichwa. Kufikia ya nne hakutoa sababu tena, na hakununua samaki, tukala ugali na mboga bila neno, na mashine imefunikwa kitambaa. Alianza kukonda. Wanawake wa kanisa walipokuja kumjulia hali nilimsikia kupitia ukuta akiwaambia, "Huenda mnasema kweli. Huenda mtoto hayuko." Niliziba masikio kwa mto wa Okech. Nilikuwa nimeosha valvu kumi na nne, na pamoja nazo nilikuwa nimemfutia mama wa watu mtoto wake.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya saba, kama saa kumi na moja jioni. Mvua ilikuwa imekata stima, na Mama alikuwa amejilaza. Nikachukua taa ya mafuta niitayarishe kabla giza halijaingia. Kioo cha taa kinasafishwaje? Kila mtoto wa kwetu anajua: unaweka mdomo, unapuliza haaa, kikishika jasho unafuta kwa karatasi. Nikapuliza, nikafuta. Mkebe wa valvu ulikuwa pale mezani, na sijui ni majuto au ni mazoea, mkono wangu ukachukua valvu moja ya juu. Nikaisogeza mdomoni nikapuliza haaa. Kioo kikaingia ukungu. Na katikati ya ukungu, hafifu kama mwandiko wa kidole kwenye dirisha, nikaona herufi: E, L, na namba mbili. Kabla sijapepesa jicho zikatoweka. Nikapuliza tena. Zikarudi! Rangi ilikuwa imekwenda, lakini kioo chenyewe kilikuwa kimekumbuka. "Mama!" nikapiga kelele. "Mama Okech! Njoo! Njoo, Mama, njoo!" Akatoka mbio akidhani nyumba inaungua.

Tulikaa pale chini, yeye na mimi, tukapuliza valvu kama watu wanaopoza uji. Mama alikuwa na pengo mbele na pumzi yake ilitoka upande, ikabidi ageuze valvu kama mtu anayepiga filimbi. Tulicheka mpaka tukapata kizunguzungu. Nilipuliza, akasoma, alipuliza, nikasoma, nikaandika kwenye karatasi. Mbili zilikataa kabisa kusema jina lao, tukaziweka kando kama mayai viza. Kumi na moja zilijitaja. Kesho yake nilikwenda chuoni nikataipu vibandiko kumi na moja, kwa taipu ambayo herufi yake ya e iliruka juu, nikafunga kila valvu kwenye karatasi yake. Mwalimu aliniuliza ni barua ya nani fupi hivi. Nilimwambia ni majina ya watoto waliopotea, akanitazama vibaya.

Jumapili ile Mama alivaa gauni la kanisani mchana kutwa. Alinunua ngege mkubwa, akanipa kichwa bila kuulizwa. Nilisoma barua mlangoni mwa kabati kwa sauti, soketi kwa soketi, naye akazichomeka kwa mikono yake. Akabonyeza swichi. Wekundu ukaja taratibu, kwanza kama kijiti cha udi, kisha ukatulia. "Okech, ni mama yako," akaanza. "Usiogope, sikuwa mgonjwa. Huyu msichana alikuogesha sana." Akarudia matanga yote, aliyekuja na asiyekuja. Akamwambia habari za wiki saba. Dakika ilipita, ikapita ya pili na ya tatu, valvu zina moto tayari, santuri inazunguka bure, na Mama anaongea, machozi yanaingia kwenye pengo lake, anaongea tu. Mwishowe akauliza, "Umekula?" Akanigeukia, akaniashiria nishushe sindano mimi. Gitaa likalia. Mama akasimama akacheza, mabega yale mapana yakitikisika, peke yake, katikati ya sakafu nyekundu. Nimesikiliza vyombo vya bei kali tangu wakati huo. Hakuna kilichowahi kunifikia kama kile.

Mwisho wa mwaka nikapata kazi ya ukarani shuleni, Kakamega, nikaondoka. Alinipa mbili zile zilizokataa kujitaja. "Hizi ni kama wewe," akasema, "hazisemi mpaka zimeharibu." Ndizo zilizoanzisha kabati langu. Mwanzoni nilimtembelea kila likizo. Nikaolewa, nikampelekea mtoto wa kwanza, akampa jicho la samaki. Alipohamia Kombewa nilikwenda mara mbili. Halafu ikawa simu za Krismasi, halafu nikawa namtumia Atieno salamu ampe. Sikuwa na ugomvi naye. Nilisema tu nitakwenda mwezi ujao. Na kila Jumapili nilikaa mbele ya mashine yangu nikingoja ipate moto, nikimkumbuka, kimya.

Kwenye mazishi nilimtambua Okech kwa kalamu. Alikuwa na moja tu, kwenye mfuko wa suti, kichwa kimekwisha nywele na tumbo limetangulia. Mtu niliyempenda ukutani! Nilikuwa nimemtayarishia maneno miaka mingi, nikayatoa yote jioni ile, watu walipopungua, kwenye sebule ya Mama. "Barua moja tu, Okech! Mama yako alikuwa anakungoja kila Jumapili ya Mungu!" Hakujitetea. "Nilifukuzwa chuo mwaka wa pili," akasema. "Nikajiambia nitaandika nikipata kazi ya maana. Halafu nikajiambia nitaandika nikipata nauli. Aibu inazaa, dada. Inazaa kila mwaka." Alisogelea mashine yake, akaigusa. Matundu ya soketi yalikuwa matupu. Atieno alikuwa amezichomoa valvu ili watu wa matanga wasizivunje, akaleta ule ule mkebe, maganda yale yale. Vibandiko vyangu mende walikuwa wamevila. Okech, aliyeiunda, aligeuza valvu moja mkononi akitafuta. "Hazina namba," akasema.

"Nilizifuta mimi," nikamwambia. "Puliza." Akanitazama. "Weka mdomo, puliza kama kioo cha taa." Mzee mzima akapuliza haaa, na nikauona uso wake alipoziona zile herufi zikija na kwenda. Akapuliza nyingine, akizichomeka kwa kufuata barua yake mwenyewe iliyokuwa bado mlangoni mwa kabati. Tukabonyeza swichi. "Sasa tuhesabu sitini," akasema kwa sauti ndogo. "Nyumba hii haihesabu," nikamjibu, nikamweleza mama yake alivyokuwa akifanya, mbuzi, mvua, mguu, na swali la mwisho. Atieno alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sahani. "Si yeye peke yake alikuwa anaambiwa," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha jambo dogo. "Miaka hii ya mwisho alikuwa anaanza na nyinyi wawili. 'Okech, Rispa, ni mama yenu.' Hadi Jumapili ile ingine. Halafu anauliza, 'Mmekula?'"

Kutoka kwangu hadi Kombewa ni saa mbili. Saa mbili na kidogo, barabara ikiwa mbaya. Nilikuwa nimemfokea mtu aliyevuka bahari. Wekundu ulikuwa umeanza ndani ya valvu. Okech akaniangalia kama mtoto anayeomba kusaidiwa somo. Nje walikuwa wakiosha sufuria za matanga, zilizopikiwa nyama ya ng'ombe wa Mama, na sote tulikuwa tumekula tukashiba. Nikavuta kile kigoda chake, nikakaa.

"Mama, ni Rispa," nikasema. "Niko na Okech. Tumechelewa. Tumekula."

Okech akashusha sindano.